Mita ya Fundi Redio

3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkaza mjomba. Ningekupigia simu, lakini kwa masikio yako hayo, kuongea nawe kwa simu ni kuutangazia mtaa mzima habari za ukoo. Kwa hiyo tumerudi kwenye kalamu na stempu kama zamani.

Mama hajambo, ila magoti yake yamegoma kabisa kupanda ngazi. Tumemhamishia kitanda chumba cha chini, naye analalamika kuwa huko hasikii umbea wa majirani. Anakusalimu sana. Haipiti siku hajakutaja: "Kaka yangu yule, mtu wa kweli."

Kwa upande wangu, nimemaliza miezi ya majaribio pale idara ya maji. Ndiyo, mpwa wako sasa ni msoma mita kamili, ana begi, buti na daftari. Wanaume wa ofisini walinicheka wiki ya kwanza, ya pili wakanizoea, ya tatu mmoja akaniomba nimsaidie kujumlisha. Cheti chako bado kimetundikwa juu ya meza ya msimamizi: miaka tisa bila kuruka nyumba. Na unajua wamenipa njia gani? Yako. Mtaa wetu uleule, nyumba arobaini, kuanzia kwa kinyozi hadi mwisho.

Unajua kwa nini niliitaka kazi hii. Mwezi huu inatimia miaka kumi na moja tangu Chiriku wangu atoke kabla ya saa nne asubuhi kwenda kununua sabuni, hatua mia moja tu, asifike dukani wala asirudi nyumbani. Alikuwa na miaka sita na mdomo usiopumzika. Baba yake alivumilia miaka miwili, akaondoka. Mimi nilibaki nikijiambia kuwa mtoto hayeyuki mchana kweupe kati ya mageti arobaini, na kwamba kuna mtu mmoja tu anayefunguliwa mageti yote bila kuulizwa maswali, naye ni msoma mita.

Sasa nina swali la kikazi. Niambie mita ya Fundi Redio iko wapi, yule mgane mtengeneza redio wa nyumba ya mwisho. Yeye anataka kuniletea namba getini kwenye kikaratasi, eti nisisumbuke kuingia. Wewe uliisoma miaka tisa. Nielekeze.

Mpwa wako akupendaye.


27 Februari

Binti ya dada yangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa miwani, mara ya pili kwa furaha. Huku tu wazima. Mkaza mjomba wako alisumbuliwa na jino, likang'olewa, sasa ananilaumu mimi kana kwamba mimi ndiye niliyelila lile jino. Kuku wamefika kumi na wawili. Redio yangu bado inanguruma, naiweka sauti ya juu mpaka jirani anapata taarifa ya habari bure.

Umenitoa machozi kwa habari ya cheti. Sasa sikiliza maneno ya mkongwe. Buti zikikubana kisigino, paka sabuni kavu kwa ndani. Mbwa usimtazame machoni. Andika kwa kalamu ya risasi mvua inaponyesha, wino utakusaliti.

Mita ya Fundi Redio iko hapohapo getini, mkono wa kushoto ukiingia, chini ya mfuniko wa chuma. Labda udongo umeifunika. Lakini nakushauri kama mzazi, usimsumbue mzee wa watu. Akikupa namba, andika uende zako. Yule alilia pamoja nasi. Alizungusha picha ya mtoto wetu kwa baiskeli yake mpaka tairi likaisha. Kazi hii ina heshima yake ukiifanya kama kazi. Ukiigeuza uwindaji itakumaliza, na mama yako hana mwingine.

Mpe dada yangu salamu zangu zote.

Mjomba wako.


9 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia jino limetoka na kuku wameongezeka. Mama anasema jogoo mkubwa usimchinje mpaka aje mwenyewe, ingawa sote tunajua magoti yale hayasafiri. Sabuni kavu nimeipaka, imesaidia.

Getini kwa Fundi Redio hakuna mita. Nilichimba mkono wa kushoto, nikachimba na wa kulia nisije nikakuonea. Ni mawe matupu. Na acha niseme ukweli wangu kwanza ili nawe useme wako: nilipokuuliza, nilikuwa nimeshaiona. Mwezi wa kwanza Fundi Redio alilazwa siku mbili kwa ajili ya kifua, na mama anayemfulia nguo akanifungulia. Mita iko uani. Unapita karakana yake, unaingia kwenye ukumbi mwembamba, unaufuata hadi mwisho, ndipo unatokea uani penye bomba. Njia nyingine hakuna. Faili la ofisi linasema mita haijahamishwa hata mara moja tangu nyumba ijengwe.

Ndiyo maana nauliza jambo moja, na jibu lake ni ndiyo au hapana. Siku Chiriku alipopotea, uliingia ndani ya nyumba ile?

Kuna mpelelezi mpya, mwanamke mtulivu asiyependa maneno mengi, amelifungua tena jalada la mwanangu. Alinisomea maelezo uliyotia sahihi wakati ule. Ulisema: "Niliingia saa nne asubuhi, nikasoma mita, nikamkuta Fundi Redio peke yake, milango yote ilikuwa wazi." Polisi walipekua nyumba thelathini na tisa, hadi ya kwetu, wakapindua magodoro ya mama. Ya arobaini waliiruka kwa sababu msoma mita, mjomba wa mama mtoto, alikuwa ameshaingia na kuona. Anasema maadamu maneno yako yamesimama, hakimu hawezi kutoa kibali cha kuipekua.

Nangoja jibu lako.

Mpwa wako.


30 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Najua nimekawia. Barua yako ilifika na maradhi, au maradhi yalifika nayo, sijui. Kiuno kilinilaza wiki tatu. Kisha mvua zikakata barabara, gari la posta likawa haliji. Kisha mkaza mjomba wako akapata mafua, basi tukawa tunapikiana uji kwa zamu, mimi nauunguza, yeye anaukosoa.

Kuhusu ile mita, nadhani imehamishwa. Makarani wa ofisi ile nawajua, wakishaweka faili kwenye kabati hawaandiki tena chochote. Na mimi ni mtu wa miaka sitini na minane. Nimesoma mita za maelfu ya watu. Utanidai nikumbuke ya mmoja?

Tena usiniulize ndiyo au hapana kana kwamba niko kizimbani. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni kwenda hospitali ulipougua surua, mvua ikinyesha, baba yako akiwa safarini. Mimi ndiye niliyelala nje ya kituo cha polisi siku nne mtoto alipopotea. Uchungu wenu ni wangu pia. Lakini kuna vidonda ukivichokoa kila mwaka havifungi.

Nimekutumia kitambaa cha gauni, rangi uipendayo. Mshonee na dada yangu. Mwambie namkumbuka kila siku.

Mjomba wako.


11 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Pole na kiuno. Mama naye kashikwa na mafua, kwa hiyo mnapokezana kama kawaida yenu. Ana swali: kwa nini kaka yake siku hizi anaandika kidogo?

Kitambaa nakurudishia, kimo ndani ya bahasha hii kubwa. Kurasa zako mbili nimezisoma, ndiyo haimo wala hapana haimo.

Basi acha nikuambie nilichokiona mimi. Nilimwomba mtunza stoo madaftari ya zamani. Nilikuta mwandiko wako, mzuri kuliko wetu sote. Kwa Fundi Redio, kwa miaka yote mitatu baada ya mwanangu kupotea, umeandika uniti tano kila mwezi. Tano, tano, tano, kiangazi na masika. Ukastaafu. Aliyekupokea, yule kijana mrefu aliyehamia makao makuu, ni mtu anayeingia mpaka penye mita na kupiga magoti. Mwezi wake wa kwanza tu akakuta mita imekwenda mbele uniti mia na themanini kuliko namba zako. Ofisi ikadhani bomba limepasuka, ikatuma fundi bomba, naye hakuona hata tone. Na tangu mwezi ule hadi huu ninaousoma mimi, nyumba ile inatumia uniti tano za kweli.

Hesabu hiyo nimeirudia mpaka nimeumwa kichwa. Kwa miaka mitatu nyumba ya mtu mmoja ilitumia maji ya watu wawili. Kisha ikarudi kwenye maji ya mtu mmoja.

Nina hasira, Mjomba. Naamka nayo, naivaa pamoja na buti. Kila mwezi napokea kikaratasi kutoka mkono wa yule mzee, ananiuliza mama hajambo, nami nasema hajambo, nikitamani kumtia meno. Nimejikaza kwa sababu nikimgusa leo, kesho maneno yako yatamtoa.

Sitaki kukuaibisha. Mama hajui lolote, bado anakuita mtu wa kweli. Niandikie mimi tu, kwa mkono wako, yaliyotokea siku ile. Nikijua, moyo utatulia, na itabaki kati yangu na wewe. Wewe ndiye uliyenibeba bila kujali mvua. Nibebe na mara hii.

Mpwa wako akupendaye.


2 Juni

Mwanangu,

Mkaza mjomba wako amekwenda kwa dada yake, kwa hiyo nyumba iko kimya na hakuna wa kuniuliza naandika nini. Afya yangu ni hivyohivyo. Wasalimie. Sina salamu ndefu leo.

Sikuingia.

Sikuingia siku ile, wala sikuwahi kuingia. Miaka ya mwanzo alikuwa na mbwa, naye akawa ananiletea namba getini kwa kikaratasi, nami nikaona ni wema. Mbwa akafa, mazoea yakabaki. Wengine mtaani nao wakawa hivyohivyo, nikawa naandika mtaa mzima nikiwa nimekaa kwa kinyozi, tunacheza drafti. Saa niliandika za kubuni, kana kwamba nazunguka, kwa Fundi Redio kila mara saa nne. Ndivyo nilivyopata kile cheti. Kila nikikiona nilikuwa nageuza uso.

Siku ile nilikuwa kwa kinyozi tangu asubuhi. Kama saa saba mchana Fundi Redio akaja mwenyewe na kikaratasi. Alikuwa hajawahi kunifuata kule hata mara moja. Alisema, "Leo usihangaike kuja, andika saa nne kama kawaida yako." Jasho lilikuwa linamtoka. Nikaandika, nikarudi kwenye kete zangu. Habari za mtoto tulikuwa bado hatujazisikia.

Siku ya tatu polisi walikuja na daftari langu. Yeye alikuwa ameshawaambia kuwa msoma mita alikuwa kwake saa nne. Wakaniuliza mbele yake, je, ni kweli? Ningesema hapana, daftari lote lingekuwa uongo, na nyumba zote arobaini, na miaka yote. Nilikuwa nimebakiza miezi michache kufanywa msimamizi. Nikasema ndiyo. Akanitazama, nikamtazama. Hapo nilijua, mwanangu. Sitakudanganya kuwa sikujua. Wiki iliyofuata aliniletea redio, eti zawadi ya mtu na mtu, nikaipokea.

Usimamizi hawakunipa hata hivyo. Kila usiku nilijiambia kuwa mtoto ameshakufa, kwamba hata nikisema hatarudi, na kwamba sisi sote tutaangamia bure. Nilikimbilia huku ili nisiyaone macho ya mama yako.

Umesema itabaki kati yetu. Nakushika kwa neno hilo. Ichome barua hii. Nisamehe ukiweza, na ukishindwa, nifiche tu.

Mjomba wako.


21 Juni

Leo sikuamkii. Shikamoo ni ya mtu mzima, nami simwoni.

Ulinishika kwa neno langu. Neno langu lilikuwa uongo. Tangu uliponiambia kuwa mita iko getini, kila barua yako ilifika kwangu saa nne na saa sita ilikuwa mezani kwa mpelelezi. Ile ya kukubembeleza tuliiandika pamoja, yeye akitengeneza chai, mimi nikitafuta maneno yatakayokulainisha. Ya surua ulinipa mwenyewe. Sioni haya. Ningekuwa na uongo mkubwa zaidi ningeutumia.

Hakimu alisoma ukurasa wako mmoja na kutoa kibali siku ileile. Nilikuwepo geti lilipofunguliwa. Fundi Redio alifikiri nimekuja na begi langu, akanyoosha kikaratasi. Nilikipokea, nikakichana mbele yake, nikamwambia leo nasoma mwenyewe. Nimengoja miaka kumi na moja kuuona uso ule ukibadilika rangi, na nakiri nilifurahi.

Kwenye ule ukumbi wa kwenda uani kuna kabati refu la redio mbovu. Mama anayefua anasema liliwekwa hapo mwaka uliostaafu, kabla ya yule kijana mrefu kuanza kazi. Nyuma yake kuna mlango. Enzi zako mlango huo ulionekana waziwazi, una komeo kwa nje, na kila anayekwenda kusoma mita ilimlazimu apite mbele yake, karibu kiasi cha kuugusa kwa bega. Karibu kiasi cha kumsikia mtoto. Chiriku hakujua kunyamaza, wewe unajua.

Ndani hayumo. Lazima nikuambie hilo usije ukadhani nimekuletea faraja. Kuna kitanda kifupi, nguo za mtu mzima zilizokatwa na kushonwa ndogo, na daftari la herufi. Fundi Redio yuko rumande, hasemi alikompeleka. Mpelelezi anasema wataendelea kumhoji, nami naendelea kutafuta, na sasa najua namtafuta msichana wa miaka gani.

Mama nimemsomea barua zako zote tatu, ya mwisho mara mbili kwa sababu aliniomba. Hakulia. Alisema nikuandikie kuwa kaka yake amekufa, na kwamba siku atakapokufa yeye, usije.

Jumatatu watakuja kukuchukua ukaseme mahakamani uliyoyaandika. Mkaza mjomba nimemwandikia kivyake, hana kosa. Una siku chache za kukaa peke yako, na ninataka uzitumie hivi.

Kwenye fremu ya mlango ule, kwa ndani, kuna mistari ya kalamu ya risasi, na kila mstari una tarehe. Alikuwa anampima mtoto urefu. Mstari wa kwanza ni sentimita mia na kumi na mbili, kimo kilekile tulichowaandikia polisi kwenye tangazo. Wa mwisho ni mia na thelathini, na tarehe yake ni ya mwezi uliokabidhi begi lako na kupigiwa makofi.

Chukua futi. Simama kwenye ukuta wako, weka alama ya kwanza, kisha ya pili. Utazame nafasi iliyo kati yake. Hakufa siku ile, Mjomba. Miaka mitatu uliandika tano, naye alikuwa nyuma ya mlango, anakua.